Dumu la Mnazi Lililolala Nje

Nianze kwa kuwataja waliokuwako, maana nikianzia kwingine nitapotea njia na kuwapoteza na nyinyi. Siku ile ya matanga uani, pale Bofu, Likoni, alikuwako Dama, binti yake marehemu, mwana wa pekee. Alikuwako Bi Mwanaisha, jirani wa ukuta mmoja, Mwislamu, aliyeishi na marehemu mlango kwa mlango tangu wote wawili wakiwa na meno yao yote. Alikuwako Karisa, kaka yake marehemu wa tumbo moja, mgema wa mnazi, aliyefika asubuhi kutoka Kaloleni na dumu la manjano la tembo, pombe ya mnazi, begani. Alikuwako Mwalimu Isaya, mtu wa bara, kuli wa bandarini, ambaye ndiye huwasomea Maandiko wale waumini wenziwe marehemu wanaokutana Jumamosi kule mtaa wa Shika Adabu. Na nilikuwako mimi, nisiye ndugu wala mwumini mwenzao, mteja wa mahamri tu, nimekalia kigoda karibu na jiko lisilo na moto, na wasiwasi kama wa mtu aliyesahau kitu motoni. Wengine walikuwako pia, na majina yao ninayo yote, lakini jambo lenyewe lilikuwa baina ya hawa.

Aliyetukutanisha tulimwita Mama Dama. Kwa wale ambao habari haijawafikia, muuza mahamri wa njia ya kwenda feri hatunaye tena. Presha ilimwangusha jikoni kwake, akakimbizwa hospitali, na Dama hajapata hata pa kuketi akaitwa kando akaambiwa. Nyinyi mnaovuka kwenda kazini asubuhi mnamjua hata kama jina lake hamkulijua: mama mnene wa leso mbili, moja kiunoni na moja kichwani, aliyekuwa akigeuza mahamri kwenye karai huku anakuuliza hali ya mkeo, na ukimjibu hovyo anakuuliza tena. Mahamri yake yalikuwa na iliki ya kutosha na tui la nazi la kukamuliwa kwa mkono, na yalivimba tupu ndani, ukiyapasua yanakupumulia mvuke usoni. Siri yake haikuwa siri. Hakuwa mtu wa hamira ya pakiti. Kila alipokanda alibakiza donge moja, akalilaza kwenye kopo la bati, na kesho yake donge lile ndilo lililoumua unga mpya. Donge la jana kuingia katika la leo, la leo katika la kesho.

Sasa mjue kwamba mwanamke huyu, ambaye riziki yake yote ilikuwa chachu, aliingia katika dini inayotoa chachu nyumbani kila mwaka. Ilikuwa miaka michache baada ya kufiwa na mumewe. Alikutana na hao watu wa Jumamosi, ambao wanamwamini Masihi kama sisi tunavyomwamini, wao humwita Yeshua, lakini wanashika sikukuu zile zilizoandikwa katika Mambo ya Walawi: Pasaka, Mikate Isiyotiwa Chachu, Malimbuko, Majuma, Baragumu, Upatanisho ambayo hufunga siku moja, Vibanda. Mimi niliyeishia darasa la nne nilikuwa nimezisikia kanisani zikisomwa haraka haraka, kama mtu anayepita mtaa asioujua. Kumbe kuna watu wanaishi humo.

Nakumbuka mwaka wa kwanza. Nilikwenda asubuhi na kibakuli changu cha mbaazi, nikamkuta amekaa mikono mapajani, karai limesuguliwa linang'aa kama sinia la harusi. Nikamwuliza kulikoni. Akasema, "Mahamri hakuna wiki nzima, mamangu. Chachu imetoka nyumbani."

"Imetoka imekwenda wapi?"

"Kwa Mwanaisha."

Na kutoka upande wa pili wa ukuta Bi Mwanaisha akapaza sauti, "Iko huku! Inakula na kulala bure, na shukrani hakuna!"

Vijana wa bodaboda walimzunguka siku ile wakimtania. Mmoja akamwambia, "Mama Dama, umekuwa Myahudi sasa? Tukuletee ngamia?" Naye akajibu bila kuinuka, "Myahudi nitakuwaje, na mimi nimezaliwa Kaloleni? Nimealikwa karamu ya watu, nami nimekwenda. Wewe ukialikwa harusini, unarudi na bibi harusi?" Walicheka, lakini wiki ile waliondoka na njaa zao, na wengine hawakurudi. Walipata mahali pengine pa kunywa chai. Hilo lilinitia wasiwasi kwa niaba yake, na sikumficha. Nikamwambia, mwanangu, mteja ni kama paka, akizoea jiko la jirani hurudi kwako kulala tu. Akasema Mungu aliyemfundisha kupumzika anajua na namna ya kumlisha. Nikanyamaza, lakini wasiwasi haukunyamaza.

Wala si huo tu. Mnajua tulichokisikia pwani yetu hapa, habari ya msituni, ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wamwone Mwokozi. Tangu habari ile, mimi nikisikia kikundi kidogo cha watu wanaosali mahali pasipo na mnara wala kengele, na nikisikia neno kufunga, situlii mpaka nione wanakula. Nakiri kwamba nilikuwa nikienda kwa Mama Dama kwa visingizio. Leo nimeishiwa chumvi, kesho naomba moto. Macho yangu yalikuwa kwenye sufuria. Naye alikuwa mjanja kunishinda. Siku moja akafunua vifuniko vyote kimoja kimoja, akasema, "Tazama, mamangu. Samaki. Mchicha. Mihogo. Ukimaliza kukagua, keti ule." Nikaketi nikala, kwa aibu na kwa hamu vyote viwili.

Pale ndipo aliponieleza, na ninavyowaandikia ni kama alivyosema, kwa maneno ya jikoni. Pasaka, alisema, ni damu iliyopakwa mlangoni mauti yakapita. Kwao wao mwanakondoo ni Masihi mwenyewe, kwa hiyo wanapoadhimisha hawakumbuki Misri peke yake, wanakumbuka na msalaba. Mikate Isiyotiwa Chachu ni ile ya watu waliotoka na haraka, unga haujapata hata nafasi ya kuumuka. Nayo inawaambia wafagie moyoni yale majivuno yanayovimbisha mtu akaonekana mkubwa na ndani ni hewa. "Kama mahamri yangu," akasema, akacheka mpaka leso ikamwanguka. Malimbuko ni mganda wa kwanza wa mavuno, naye Masihi ndiye wa kwanza kutoka kaburini. Kisha wanahesabu majuma saba mpaka sikukuu ya Majuma, ile ambayo sisi huiita Pentekoste, na siku hiyo inainuliwa mikate miwili mbele za Mungu. Mikate miwili yenye chachu.

Nikamkata kauli. "Ngoja. Si umesema chachu ni majivuno? Mbona hapo imeruhusiwa?"

Akaweka mwiko chini. "Hiyo mikate ndiyo sisi, mamangu. Mmoja ni wao Wayahudi, mmoja ni sisi mataifa. Na sote tuna chachu yetu, nani asiyekuwa nayo? Mungu anatuinua na chachu yetu hivyo hivyo, maana Mwanakondoo alitangulia." Sijui kama wenye elimu ya dini watasema amepatia. Mimi nilisikia mwanamke wa karai akisema kwamba mwaka una mahali pa kusafisha na mahali pa kupokelewa, na kwamba la kwanza hutangulia la pili. Tangu siku hiyo hata Pasaka yetu ya kanisani nimeiona kwa jicho lingine.

Nisiwafanye mdhani alikuwa mtu wa huzuni. Sikukuu ya Vibanda ilipofika, alisimamisha kibanda cha makuti mbele ya nyumba, akatandika mkeka, akakaa humo na chai yake, kama walivyokaa wana wa Israeli jangwani. Basi watu wa Likoni, wakiona makuti mapya na mama wa mahamri chini yake, wakajua mkahawa umefunguliwa. Wakaingia, wakaketi, wakaagiza. Mmoja akadai na maharagwe. Mama Dama hakumfukuza mtu, wakati huo chachu haikatazwi, akawapa chai na mahamri, na walipouliza bei akawaambia, "Hapa jangwani hatuuzi." Wiki nzima watu wakipita wanachungulia, "Mkahawa wa bure bado uko?" Bi Mwanaisha alisema akiendelea hivyo atakuwa jangwani kweli.

Bi Mwanaisha na yeye walikuwa na lao. Wote wawili huutazama mwezi. Mmoja anatafuta Ramadhani, mwingine anatafuta mwezi wa Pasaka, na walikuwa wakisimama nje shingo juu wakibishana ni wingu au ni mwezi. "Umeandama!" "Haujaandama, hiyo taa ya bandari!" Na kila mwaka kabla ya sikukuu Mama Dama alibisha mlango wa mwenziwe na kopo la bati. Hakumwekesha, alimpa. Alisema ukiweka amana kwa jirani bado ni yako, na chachu haitakiwi iwe yako. Sikukuu ikiisha hakuidai. Alianza donge jipya, kwa unga na maji, akangoja siku kadhaa liamke lenyewe, na siku hizo mahamri yalikuwa mabaya, tuseme kweli. Tuliyala hivyo hivyo kwa heshima.

Ndipo akafa, na akafa katikati ya siku za mikate isiyotiwa chachu.

Kabla ya hapo alikuwa amemwambia Dama, mbele yangu, tunachambua mchele, "Nikifa siku hizi, mwanangu, msiniletee chachu ndani. Wanililie bila mkate." Dama akamjibu, "Mama, acha balaa zako." Dama hakuwa akiifuata dini ile. Anafanya kazi ya kushona nguo kiwandani kule Changamwe, Jumamosi ni siku ya kazi, na alikuwa akimcheka mamake waziwazi. Lakini maneno yale yalimwingia, maana siku ya matanga nilimwona amesimama mlangoni akiwarudisha wanawake wa mtaa na mikate yao, akisema samahani, samahani mama, leo chai kavu na mihogo. Wengine walinuna. Mmoja akasema hajapata kuona matanga ya kunyimana.

Karisa alipofika alipewa maji, akaketi, akatazama huku na huku. Matanga ya kwetu mnayajua, mtu hajapumua ameshikishwa kikombe na silesi juu yake. Akangoja. Kisha akauliza, "Mkate uko wapi?"

Dama akasema, "Mjomba, hakuna mkate wiki hii. Mama hakutaka."

"Hakutaka mkate? Kwa nini?"

Mwalimu Isaya, akidhani anasaidia, akadakia kwa Kiswahili chake cha bara, "Ni sikukuu mzee. Sisi siku hizi hatukuli mkate."

Niliona uso wa Karisa unabadilika, nikajua neno limefika mahali pabaya. Akasimama. "Kwa hiyo ni nyinyi. Nyinyi ndio mliomwambia dadangu asile."

"Hapana, mzee, hatukumkataza..."

"Mwaka jana nilisikia amefunga siku nzima bila hata maji. Nikanyamaza. Nikasema mtu mzima ana akili zake. Mtu ana presha, mnamfungisha, mnamnyima mkate, na leo yuko mochari! Mnataka nifikiri nini mimi? Sisi hatusikii redio?"

Dama akasema, "Mjomba, daktari ameandika ni presha."

"Daktari ataandika lolote. Maiti haitoki kule, sikilizeni, haitoki, mpaka chifu aje na watu wake wakaone hicho kibanda chenu cha mabati mnamosalia kina nini ndani. Na mimi kaburi sichimbi mpaka nijue dadangu amekufa na nini."

Nataka muelewe kilichokuwa mezani hapo. Marehemu aliomba mambo mawili tu, nyumba yake isiingizwe chachu, na alazwe kwao Kaloleni pamoja na wazazi wake. La kwanza lilikuwa linavunja la pili mbele ya macho ya mwanawe. Karisa ndiye mwenye ardhi na ndiye mwenye kauli. Kama Dama angetuma watu dukani wakaleta mikate na kuruhusu dumu liingie, mjomba angetulia, na mamake angezikwa kwao, lakini neno la mamake lingekuwa limetupwa kabla hajazikwa. Akikataa, maiti ingekaa, na hasira ingetoka pale ivuke mpaka Shika Adabu, kwa wajane na vibarua wanaosali chini ya mabati. Na hofu ikishaingia mtaani, watu huwa hawaulizi ni nani aliyefunga na ni nani aliyefungishwa. Mwalimu Isaya alikuwa ameshika Biblia yake kwa mikono miwili. Na simlaumu Karisa. Ningekuwa yeye, ningeuliza vilevile, tena kwa kupiga kelele zaidi.

Bi Mwanaisha aliingia na sufuria yake mkononi, ametoka kwake na leso imekaa upande. "Salaam aleikum, Karisa, hata kama umekasirika. Nimekusikia kutoka jikoni kwangu, na nadhani hata Mtongwe wamekusikia. Nani amekufa njaa?"

"Mwanaisha, usiingilie."

"Naingilia, kwani nilikuwako, wewe hukuwako. Dadako siku ile kabla ya kuanguka alikaa hapa, penye hicho kigoda, akala mihogo yangu ya nazi. Akala na samaki, changu mzima. Nikamwambia, shoga, hata kichwa hukuniachia? Akaniambia kichwa ndicho kitamu. Wallahi nilimkasirikia! Mtu gani aliyekufa njaa amekula kichwa cha samaki cha mwenziwe?" Alisema hivyo, kisha akaketi chini na sufuria yake mapajani akalia, na sisi hatukujua tucheke au tulie naye.

Dama akaingia ndani, akatoka na sahani iliyofunikwa kawa. Akaiweka mbele ya mjombake, akafunua. Kilikuwa kipande cha mkate mwembamba, bapa, kimeungua kidogo pembeni, na mahali kilipomegwa palionekana. "Huu ndio mkate aliokuwa akila, mjomba. Aliuoka mwenyewe. Nusu aliila yeye."

Karisa akauchukua, akaugeuza, akaunusa. "Si chapati hii?"

"Ni unga, maji na chumvi. Haukuumuliwa, basi."

Akamega, akatafuna. Alitafuna muda mrefu, na uani pote watu wakimtazama taya. "Mkavu," akasema.

"Hata yeye alikuwa akisema ni mkavu," Dama akasema, na hapo ndipo nilipomwona akilia kwa mara ya kwanza.

Mwalimu Isaya akaona mlango umefunguka, akaanza kueleza, Misri, Farao, mwezi wa kwanza, siku ya kumi na nne. Maneno yalikuwa ya kweli lakini yalikuwa mengi, na Karisa akainua mkono kumzuia. Mimi nikafumba macho, nikajua tunarudi tulikotoka. Lakini Dama akapangusa uso, akachuchumaa mbele ya mjombake. "Mjomba, ukipanda mnazi kugema, kibuyu cha jana unakifanyaje?"

"Kibuyu cha jana? Nakisugua. Natia mchanga, natia maji ya moto, nakianika."

"Kwa nini? Si kilikuwa na tembo, na leo unatia tembo lilelile?"

"Wee mtoto, utauliza kama mtu wa Nairobi? Mashapo ya jana yakibaki, tembo la leo halipati hata nafasi ya kuwa tamu. Linachacha humo humo juu ya mti. Kibuyu kisiposuguliwa, unateremsha la jana kila siku."

"Basi mama alikuwa akisugua kibuyu."

Karisa alimtazama. Nami nilimtazama, kwa sababu binti huyu aliyekuwa akicheka, kumbe miaka yote alikuwa akisikiliza. Mjomba mtu akaketi taratibu, akabaki na kile kipande mkononi. Baadaye akaliangalia dumu lake lililokuwa karibu na mlango. "Na hili je?"

"Hilo ndilo chachu yenyewe, mjomba."

Akainuka, akalibeba dumu, akatoka nalo nje ya ua, akaliegemeza kwenye ukuta wa barabarani. Tukamsikia akiliambia, "Kaa hapo nje, mlevi wewe, mpaka uitwe." Watu wakacheka, kile kicheko cha msibani kinachotoka na machozi. Aliporudi akasema ya kuwamwagia tembo wazee waliotangulia atayafanya Kaloleni kwake, hapa ni kwa dadake.

Lakini hakusema kwamba amemsamehe mtu. Alimgeukia Mwalimu Isaya, akasema, "Chifu bado nitamwambia." Na Mwalimu Isaya akasema, "Mwambie, mzee. Tena Jumamosi mje pamoja. Mlango wetu hauna hata komeo." Jumamosi Karisa alikwenda peke yake. Alikaa nyuma karibu na mlango, akasikiliza, akatazama watoto wanakula mihogo baada ya sala, akaondoka. Siku ya pili yake akampigia simu Dama kumwambia kaburi limechimbwa. Tulimzika Mama Dama Kaloleni baada ya sikukuu kwisha, karibu na mamake, na watu walikula mikate wapendavyo.

Nimelifikiri sana jambo hili. Najua mko mnaosoma mnaosema, haya ni mambo ya Wayahudi, watu wa Likoni yawahusu nini. Na wengine mnasema, bibi, vikundi hivi vyote tuviogope. Mimi naviogopa, sijaacha. Lakini nimejifunza mahali pa kuangalia. Naangalia sufuria, na naangalia mlango. Imani inayokwambia uache kitu, nitauliza: je, inamruhusu ndugu yako kuja kufunua vifuniko? Je, kinachoachwa kina siku ya kurudi? Mama Dama aliacha chachu, na chachu ilikuwa na siku ya kurudi, tena ya kuinuliwa mbele za Mungu. Wale wa msituni waliambiwa waache, na kurudi hakukuwako. Hapo ndipo mimi mzee ninapoona tofauti, na nasema kwa woga, maana hofu iliyotuumiza ni ya kweli na sitaki mtu aizime kwa sababu ya safu yangu.

Majuma yakapita. Kila asubuhi nilipita mahali pake na karai halikuwako, na mwingine ameanza kuuza viazi karai pale pale. Kisha watu wa Shika Adabu wakamtuma Mwalimu Isaya kwa Dama: mikate miwili ya sikukuu ya Majuma mamake ndiye aliyekuwa akiioka kila mwaka, je, angekubali? Dama alikuja kwangu amekunja uso. "Nyanya, naogopa. Mimi si mwenzao. Na mkate wangu usipoumuka mbele za watu?" Nikamwambia nami naogopa, twende tukaogope pamoja.

Bi Mwanaisha alitukuta jikoni. Alikuwa na kopo la bati. "Hili ndilo la mamako," akamwambia. "Tangu aliponipa nalilisha unga kila siku lisife. Nilijua utalitaka." Dama akafunua, akanusa, na harufu ile, jamani, ilikuwa Mama Dama mzima amesimama mlangoni. Alilikumbatia kopo. Nilidhani jambo limekwisha. Kisha akalifunika, akamrudishia kwa mikono miwili. "Kaa nalo, Bi. Mama alikupa, hakukuwekesha."

"Sasa utaumua na nini, mwanangu?"

Mlangoni pakasikika hodi. Karisa alikuwa amekuja kutoka Kaloleni na dumu la manjano begani, la tembo la asubuhi ile. Aliliweka kizingitini, hakuingia nalo. "Nasikia huyu mlevi ameitwa," akasema.

"Ameitwa, mjomba. Pita naye."

Nyanya zetu wote wa pwani waliumua mikate kwa tembo, wanaojua wanajua. Dama alimimina tembo ungani, akakanda, akafunika kwa leso ya mamake, tukakaa kungoja. Bi Mwanaisha akasema mkate wa tembo yeye hali, lakini kunusa hakukatazwa. Mimi nilikuwa nikinyoosha mkono kufunua kila mara mpaka Dama akanipiga kidole, "Nyanya, unautia baridi!" Karisa alikuwa amekaa kizingitini hatikisiki, kama mtu aliye nje ya chumba cha anayejifungua. Nilikuwa na hofu ya kitoto, kwamba usipoumuka basi yote yamekwisha, nyumba ile, karai lile, na yale majuma aliyokuwa akiyahesabu.

Ukaumuka. Leso iliinuka katikati, pole pole, ikasimama. Mkate mmoja ulitoka umenyooka, wa pili umelalia upande, na kesho yake Mwalimu Isaya aliiinua yote miwili kule Shika Adabu, wa kunyooka na wa kulala, na Dama amesimama nyuma karibu na mlango wazi, pale mjombake alipokuwa amekaa.

Jumatatu iliyofuata nilipita njia ya feri nikasikia harufu ya iliki. Nikanunua mahamri mawili. Hayajafikia ya mamake, nimemwambia, naye amesema ataendelea kusugua.

Basi haya ndiyo ninayoyakumbuka. Mimi ni mzee na kichwa kimeanza kunidanganya, na wasiwasi huongeza chumvi. Kama mlikuwako na nimekosea, ikiwa si Dama aliyetaja kibuyu kwanza bali ni mjombake, ikiwa samaki hakuwa changu, ikiwa maneno ya mikate miwili marehemu aliyasema vingine, niambieni nisahihishe. Sitaki mtu amkumbuke vibaya kwa sababu ya kalamu yangu.